Askofu, Meza ya Bwana na Mwambao wa Tanganyika

Mgogoro mkubwa wa mafundisho ulioligawa Kanisa la Anglikana katika karne ya 19 ulihusu mamlaka: kama kanisa linayapata kwa serikali, kwa Biblia peke yake, au kwa mitume kupitia maaskofu waliowarithi. Nchini Uingereza, ambako mfalme aliteua maaskofu na Bunge likatunga sheria za kanisa, swali hilo liliwaka Julai 1833, wakati Bunge lilipokuwa likipunguza majimbo ya kiaskofu ya Ireland, na padre John Keble akahubiri mjini Oxford kwamba taifa linamwasi Mungu. Yeye na wenzake, hasa John Henry Newman na Edward Pusey, walitetea urithi wa kitume, yaani mnyororo wa kuwekewa mikono usiokatika tangu mitume hadi maaskofu wa leo, ambao ndio unaozipa sakramenti uhalali wake. Mfululizo wa vijitabu walivyotoa kutetea hoja hiyo ulikoma mwaka 1841, Newman alipodai katika kijitabu cha 90 kwamba Vifungu 39 vya Dini, ambavyo ndivyo msingi wa imani ya Kianglikana, vinaweza kusomwa kwa maana ya Kikatoliki. Miaka minne baadaye alijiunga na Roma. Pusey alibaki, na mapokeo hayo yakabaki pamoja naye.

Mapokeo hayo yaliingia Afrika Mashariki kupitia Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, iliyohamia Zanzibar mwaka 1864 na baadaye kuenea Magila, Masasi na Ziwa Nyasa, ikiwa na ubani, ungamo na heshima kubwa kwa Ekaristi. Haikufika Ujiji, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Huko walifika kwanza wamisionari wa London Missionary Society, mwaka 1878, kisha Mapadre Weupe wa Kikatoliki, mwaka 1879. Uanglikana wa Kigoma, mkoa ulio na Ujiji, ulikuja baadaye kwa mkono wa Church Missionary Society, shirika la tawi la kiinjili linalotanguliza Biblia na wongofu wa moyo.

Mgongano wa matawi hayo mawili ulidhihirika mwaka 1913 huko Kikuyu, Kenya, ambako maaskofu wa Mombasa na Uganda walikubaliana na Wapresbiteri na wengine kuhusu mpango wa ushirikiano wa misheni, na mkutano ukafungwa kwa Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Kipresbiteri. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu hao wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa uzushi na mafarakano, kwa hoja kwamba pasipo askofu hakuna kanisa kamili, na kwa hiyo Meza ya Bwana haiwezi kuwa moja. Jibu la askofu mkuu huyo, lililotolewa mwaka 1915, lilisema kwamba maaskofu wanaweza kuwakaribisha mezani Wakristo wa madhehebu mengine, lakini Waanglikana wasiende kupokea kwa wachungaji ambao hawakuwekwa wakfu na askofu.

Hoja ya Weston haipaswi kudharauliwa, kwa sababu kanisa lisilo na msingi nje ya dola huishia kuwa idara ya dola, na imani yake kwamba Kristo yumo kweli katika mkate ndiyo iliyomfanya mwaka 1920 aandike kupinga kazi za kulazimishwa walizotwishwa Waafrika. Hata hivyo, kanuni yake ikifuatwa hadi mwisho, inakwama Ujiji. David Livingstone, ambaye mwandishi wa habari Stanley alimkuta hapo mwaka 1871 akiwa mgonjwa na amechoka, aliwekwa wakfu mwaka 1840 kuwa mmisionari wa London Missionary Society, katika mapokeo ya Kikongregesheni yasiyo na maaskofu, na ni hotuba yake mjini Cambridge mwaka 1857 iliyoizaa UMCA yenyewe. Misheni ingelazimika kumnyima Meza ya Bwana mtu aliyeiita. Kanuni inayofikia hapo imetetea kitu cha kweli kwa namna isiyo ya kweli, kwa maana urithi wa kitume ni zawadi ya kulinda imani wala si mpaka wa kupima neema ya Mungu.

Kanisa Anglikana la Tanzania liliyaweka mapokeo yote mawili chini ya askofu mkuu mmoja lilipokuwa jimbo linalojitegemea mwaka 1970. Wa kwanza, John Sepeku, alitoka upande wa UMCA. Aliyemfuata, Musa Kahurananga, alikuwa askofu wa Western Tanganyika, dayosisi ya kiinjili yenye makao yake Kasulu, mkoani Kigoma.