Mkufu wa Bibi na Skonzi za Jumapili: Je, Ni Dhambi Kupenda Kitu?



Tukisoma mfano wa mwana mpotevu (Lk 15:11-32), wengi wetu tunakumbuka nguruwe, tunakumbuka baba anayekimbia, tunamkumbuka kaka mkubwa aliyenuna nje. Leo hebu tutazame vitu viwili kati ya vile ambavyo baba aliagiza viletwe: pete na ndama aliyenona. Pete ikavishwa kidoleni. Ndama akachinjwa, watu wakala. Karamu ilipokwisha, ndama hakuwepo tena, lakini pete ilibaki. Baba yule yule, kwa upendo ule ule, alitoa kitu cha kuliwa kikaisha na kitu cha kuvaliwa kikadumu. Hakuona kwamba kimoja kinapingana na kingine.

Nimeanzia hapo kwa sababu ya swali aliloniuliza binti mmoja wa parokia niliyokuwa nikifanya utume. Ameniruhusu nilisimulie, na nimebadili mambo madogo madogo ili asitambulike.

Swali lenyewe

Kikundi chao cha vijana kilikuwa kinachangia matibabu ya mtoto wa jumuiya yao aliyehitaji upasuaji. Kila Jumapili baada ya Misa waliuza skonzi zenye nyama ya ng'ombe, na mwokaji alikuwa yeye. Jumamosi jioni anachanganya unga na hamira, sukari kidogo, chumvi, siagi na maziwa ya uvuguvugu, anakanda mpaka unga uache kung'ang'ania vidole. Anaufunika uumuke, anakata madonge, anayapanga kwenye sufuria, anayaacha yaumuke tena, kisha anaoka kwa mkaa, moto juu na chini. Huku nyama inachemka na tangawizi na kitunguu saumu mpaka inachambuka yenyewe. Alfajiri anapasua skonzi, anajaza nyama na kachumbari, anabeba ndoo mbili kwenda kanisani.

Sasa siku moja kikaoni mwenzao akamnyooshea kidole shingoni: "We hizo skonzi utauza mpaka lini? Uza huo mkufu, mtoto atibiwe." Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Ila usiku hakulala. Mkufu ule wa dhahabu ulikuwa wa bibi yake aliyemlea, na bibi alimvisha kwa mikono yake mwenyewe wiki chache kabla ya kufariki.

Akaniuliza: "Frateri, mbona skonzi nazitoa bila kuumia, ila nikifikiria kuuza mkufu moyo unakataa? Ina maana napenda dhahabu kuliko mtoto?"

Swali zito hilo. Tulitafakari polepole.

Je, anapenda dhahabu?

Fanya jaribio hili. Tuseme sonara anakuja na mkufu mwingine: uzito ule ule, dhahabu ya kiwango kile kile, umbo lile lile, tena mpya unang'aa. Anamwambia, "Tubadilishane, nakuongezea na laki moja juu." Anayependa dhahabu atakubali hata kabla sonara hajamaliza sentensi. Yule binti angekataa. Kwa nini? Kwa sababu mkufu mwingine haukuguswa na vidole vya bibi.

Kwa hiyo anachokipenda si dhahabu. Anampenda mtu, na mkufu ndio mahali ambapo upendo huo umepata pa kukaa. Skonzi ni tofauti: hii ikiliwa, Jumamosi ijayo ataoka nyingine iliyo sawa nayo. Mkate umeumbwa uishe, na hapo ndipo ulipo uzuri wake, unatoweka ndani ya mwenye njaa na kuwa nguvu yake. Pambo hufanya kazi nyingine: linabaki ili likumbushe. Ndiyo maana kuachana na kimoja hakuumi na kuachana na kingine kunauma. Maumivu hayo peke yake si dhambi. Hata Bwana Yesu alimlilia Lazaro.

Na tusidharau skonzi eti kwa kuwa anazitoa bila kuumia. Mfalme Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu (2 Sam 24:24). Skonzi zile zilimgharimu usingizi wa kila Jumamosi, mikono, macho yenye moshi. Aliyemcheka kikaoni aliona bei ya mkufu, hakuona bei ya usiku.

Lakini hatari ipo

Hapa tuwe wakweli. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kuhusu mapambo kwa namna ya ajabu. Waisraeli wanatoka Misri na vito vya fedha na dhahabu walivyopewa na Wamisri (Kut 12:35-36). Katika sura ya 32 wanavua hereni zao, zinayeyushwa, anatokea ndama wa dhahabu. Sura tatu mbele, katika Kut 35:22, watu wale wale, wanaume kwa wanawake, wanaleta hereni, pete na vikuku, safari hii kwa ajili ya Hema la Mungu. Dhahabu ni ile ile, na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kule ambako moyo umeelekea.

Mtakatifu Augustino, katika mahubiri yake juu ya Waraka wa Kwanza wa Yohane, anatoa mfano wa bibi arusi aliyetengenezewa pete na mchumba wake, kisha akaipenda pete kuliko aliyeitoa. Pete ikamtosha, uso wa mchumba hakuutamani tena. Augustino hasemi pete ni mbaya. Angeipenda kwa ajili ya mchumba, kusingekuwa na neno. Kosa ni kwamba alama imesimama mahali pa mtu.

Basi swali la kujiuliza si "Je, itaniuma nikikiacha?" Swali ni "Je, kitu hiki bado kinanielekeza kwa aliyenipa, au kimeanza kunifungia mlango nisimwone mwingine?" Bibi aliyemlea mjukuu wake kwa jasho, mkufu wake ukitumika kama sababu ya kumpita mtoto anayekufa, utakuwa haumkumbushi tena bibi huyo. Utakuwa unamkana.

Lini ni wajibu?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kutoa sadaka ni wajibu pale tunapokuwa na ziada, na pale mwenzetu anapokuwa katika uhitaji wa kufa na kupona. Nje ya hapo, kutoa zaidi ni jambo jema ambalo mtu anaalikwa kulifanya, halazimishwi.

Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, alilielewa hili kwa vitendo. Baada ya vita vya Adrianopoli mwaka 378 watu wengi walichukuliwa mateka. Ambrosi akavunja vyombo vitakatifu vya kanisa ili kuwakomboa. Waariani wakamlaumu, naye akajitetea kwamba ni afadhali kumtunzia Bwana watu kuliko kumtunzia dhahabu. Angalia lakini: hakuvivunja kwa sababu ya aibu ya kikaoni. Alivivunja kwa sababu watu walikuwa hatarini na njia ilikuwa hiyo.

Kwa yule binti, hospitali ilikuwa imeshampangia mtoto tarehe, na michango ilikuwa inaingia kidogo kidogo. Nikamwambia: "Dada, leo hulazimiki. Ila hali ikibadilika, jibu langu pia litabadilika." Ingekuwa mtoto anakufa usiku ule na mkufu ndio njia pekee, ningemwambia auze, hata kama ningelia naye.

Na kwa wale waliocheka, neno moja. Mbele ya marhamu ya Betania yenye thamani ya dinari 300, karibu mshahara wa mwaka wa kibarua, aliyesema yauzwe wapewe maskini alikuwa Yuda (Yn 12:4-6). Simwiti mwenzetu Yuda, jamani! Nasema tu kwamba ni rahisi sana kuwa mkarimu kwa mkufu wa shingo ya mwingine. Maskini si fimbo ya kuchapiana.

Siku chache baadaye binti alimfuata mwenyekiti wao, akamwambia kimya kimya: "Tarehe ikifika pesa haijatimia, mkufu huu utoke." Kisha akarudi kukanda unga. Michango ilitimia kabla ya tarehe, na mkufu bado anao. Kwangu mimi, kuanzia siku ile anauvaa kwa namna mpya, kama kitu alichokwisha kukitoa na akarudishiwa.

Dhahabu inayobeba mkate

Tunapopiga magoti kwenye mageuzo, tunaona vyote viwili kwa pamoja. Kuna patena na kalisi, vyombo ambavyo Kanisa linataka viwe vya thamani, na wapo mapadre ambao kalisi yao imewekwa pete ya ndoa ya mama yao. Na kuna mkate, mwepesi, wa unga wa ngano na maji tu, ulioandaliwa uliwe. Chombo cha thamani kinatunzwa miaka na miaka ili kibebe kile kitakachovunjwa na kugawiwa. Nadhani hiyo ndiyo nafasi sahihi ya kila kitu tunachokienzi.

Wiki hii jiulize:
1. Ni kitu gani nilichonacho ambacho nisingekubali kubadilishana na kingine kinachofanana nacho? Kinanikumbusha nani?
2. Je, ninayemkumbuka angefurahi kuona ninavyokitumia?
3. Nina "skonzi" gani za kugawa, kazi ya mikono yangu inayonigharimu usingizi?

Tusali: Ee Bwana, uliyejifanya mkate kwa ajili yetu, utufundishe kutunza bila kung'ang'ania, na kutoa bila kudharau tunachotoa. Amina.

Tafakari njema!