Nani Alipaye Thamani ya Maendeleo?

Ndugu msomaji, tumezoea kuamini kwamba jambo likiwa jema halihitaji kuulizwa zaidi. Leo twataka tuliulize.

Umeme wa upepo ni jambo jema. Hautoi moshi wala hauli misitu. Huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo 365 yenye nguvu ya megawati 310, na tangu mwaka 2018 umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hata Suswa. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya wafugaji, na mwezi wa Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa njia ya sheria.

Tutazame na jambo la pili. Kuandikisha watu kwa kompyuta kwaweza kupunguza safari na hongo. Hata hivyo, Wanubi wa Kenya, ambao wengi wao wamehangaika miaka mingi kupata kitambulisho, walikwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020 mahakama ilikiri kwamba wasio na karatasi, na wale ambao alama za vidole vyao hazisomeki, waweza kuachwa nje, ikataka ziwekwe kwanza kanuni kamili. Aliyesahauliwa na daftari la jana husahauliwa upesi zaidi na mashine ya leo.

Watatujibu wengine kwamba hapana mabadiliko yasiyo na gharama, na kwamba faida ya wengi yatosha. La kwanza twalikubali. La pili twalikataa. Mtu atoapo chake kwa ajili ya wenziwe, huo ni ukarimu. Lakini akitwaliwa chake bila kuulizwa, hiyo ni dhulma, hata wakiwa waliofaidika ni maelfu. Na waliofaidika ni sisi, tuwashao taa hizo na tupatao hati zetu kwa simu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hatusemi mitambo ivunjwe. Twasema kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza, aulizwe mchungaji. Na kabla ya kufunga dirisha la karani, akumbukwe mzee asiye na simu. Na vijana wetu, kila mmoja amtafute jirani mmoja amsaidie kupata hati zake. Hilo haliiondolei serikali wajibu wake. Bali latuondolea sisi udhuru wetu.