"Mume Wangu Yuko Wapi?": Juu ya Kumwambia Ukweli Mtu Atakayeusahau

Kuna swali ambalo karibu kila aliyefanya kazi kwenye nyumba za wazee Marekani, hasa upande wa wenye ugonjwa wa kusahau, ameulizwa. Mara nyingi linakuja jioni, jua likianza kushuka, saa ambazo wagonjwa hawa huchanganyikiwa zaidi. Bibi wa miaka themanini na kitu anatoka chumbani, mkoba kwapani, koti juu ya nguo ya kulalia. "Mume wangu yuko wapi? Mbona anachelewa?" Mume alishafariki miaka mingi iliyopita, na bibi mwenyewe alikuwepo mazikoni. Wewe umeshika shuka chafu, kengele za vyumba viwili zinalia, na jibu linatakiwa sasa hivi.

Umjibu nini?

Watu wa Afrika Mashariki tuko wengi kwenye kazi hii. Bongo, kazi yoyote ya ughaibuni huitwa "kubeba boksi", na ikija kwenye hii yetu utasikia, eti, "anaosha vizee". Sawa, tunaosha. Tunaogesha, tunabadilisha nepi, tunamgeuza mtu kitandani ili mwili usitoke vidonda, tunamvisha aliyepooza tukianza na mkono mbovu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za uuguzi apate mafunzo ya saa zisizopungua 75. Humo unafundishwa kunawa mikono vizuri, kupima mapigo ya moyo, kumtoa mtu kitandani hadi kwenye kiti bila kuvunja kiuno chako wala chake. Yote hayo yana utaratibu wake. Swali la bibi halina, na nadhani ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za kazi hii, ingawa huko nyumbani hakuna anayeitania.

Tuanze na jibu la wanyoofu: mwambie ukweli. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na kwa Kiswahili uongo hauna wakili. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija mlangoni kukuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Msimamo huo una kaka yake kwenye nyumba za wazee. Kuanzia miaka ya 1960 hospitali za Marekani zilieneza mtindo wa kumrudisha mgonjwa kwenye hali halisi: ubao ukutani wenye tarehe, siku na hali ya hewa, na mfanyakazi anayemsahihisha kila anapokosea. Leo ni Jumanne. Hapa si kwako. Mumeo amefariki.

Shida inaonekana mara tu ukiutamka. Bibi hakumbuki msiba, kwa hiyo kwake hii ni habari mpya. Analia kama mjane wa leo. Baada ya muda anasahau ulichosema, lakini hasahau kulia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha. Wagonjwa walisahau walichokiona, lakini hisia zilibaki nao. Maana yake ukimpa bibi ukweli wako saa kumi na moja, saa kumi na mbili ukweli haupo tena, umebaki uchungu usio na sababu. Kesho atauliza tena. Je, utamfiwisha kila siku?

Basi wengi huchagua jibu la pili. "Yuko kazini bibi, atarudi. Njoo ule kwanza." Huko Düsseldorf, Ujerumani, kuna nyumba ya wazee iliyoweka kituo cha basi mbele ya jengo, na benchi na kibao vyote, ila basi halisimami hapo. Mzee anayetaka "kwenda nyumbani" anakaa kusubiri, anatulia, anasahau alikokuwa anaenda, kisha mtu anamkaribisha ndani akanywe kahawa. Ukisikia mara ya kwanza unacheka. Ukifikiri kidogo, kicheko kinakata.

Sisi Waswahili tusijifanye wageni wa jambo hili. Mtu akifiwa akiwa mbali, nani humwambia moja kwa moja kwenye simu? "Mama anaumwa kidogo, jitahidi uje." Unapanda basi na moyo wako unashuku. Unafika unaona watu wamekaa kwenye mikeka, shangazi anakushika mkono, hapo ndipo unaambiwa. Hatuuiti huo uongo. Tunauita kumpa mtu habari taratibu, kumsitiri asije akaanguka njiani peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: kumwambia bibi kwamba mumewe yuko kazini ni stara ile ile.

Mimi sidhani ni ile ile. Stara ya msiba ina mwisho. Uongo wa "mama anaumwa" unafanya kazi ya daraja: unakuvusha mpaka mahali ambapo watu wako wapo, kisha ukweli unapewa nafasi yake. Uongo wa "yuko kazini" hauna mikeka upande wa pili. Haumpeleki bibi popote. Ukirudiwa kila jioni, unamjenga kuwa mtu wa aina fulani, mtu ambaye unaweza kumwambia lolote. Leo mume yuko kazini. Kesho, ili akubali kuoga, unamwambia daktari ameagiza. Keshokutwa unaongea na mwenzako juu ya kichwa chake kana kwamba kiti ni kitupu.

Mwingereza Tom Kitwood, aliyefundisha Bradford, aliliona hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu ugonjwa huu aliorodhesha njia ambazo watu wema kabisa, bila nia mbaya, humvua mgonjwa utu wake, na udanganyifu upo kwenye orodha hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba utu si kitu kinachokaa ndani ya ubongo, kikaondoka ubongo ukichakaa. Ni hadhi ambayo watu humpa mtu kwa jinsi wanavyohusiana naye. Kwetu hilo halihitaji profesa: mtu ni watu. Lakini tukiusema msemo huo kwa dhati, unatubana. Kama utu wa bibi uko mikononi mwa waliomzunguka, na waliomzunguka saa hizi ni mimi na mwenzangu mmoja wa zamu, basi jinsi ninavyomjibu si jambo dogo la kupitisha jioni.

Na hapa mshahara unaingia. Kumlinda bibi asiumie na kulinda ratiba yangu ni vitu viwili, lakini vina maneno yale yale. "Yuko kazini" inamtuliza yeye, na inaniwezesha mimi kwenda kwenye kengele. Mwajiri anauza utulivu, na mgeni akipita korido anataka kuukuta. Familia nayo ina sauti, kwa sababu Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hailipii makazi ya muda mrefu ya namna hii. Wengi hulipa mfukoni au huuza nyumba ya mzee. Mtoto anayelipa akiagiza "msimwambie kuhusu baba", ni vigumu mfanyakazi wa saa kumkatalia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama uongo unaruhusiwa, mimi huuliza: huu ni wa nani? Ungeusema hata kama kengele hazilii?

Kuna jibu la tatu. Naomi Feil, aliyekulia ndani ya nyumba ya wazee huko Cleveland ambako wazazi wake walifanya kazi, alitumia miaka mingi kufundisha njia isiyosahihisha wala kudanganya. Unaacha kubishana kuhusu ukweli wa jambo, unafuata moyo wa anayeuliza. "Umemkumbuka leo. Alikuwa mtu wa namna gani?" Na bibi anakwambia. Anakwambia alivyopenda mayai yake, alivyokuwa akipiga mluzi akifungua geti. Swali la "yuko wapi" mara nyingi lilikuwa na maana ya "nimebaki peke yangu, na giza linaingia", na kwa hilo una jibu la kweli: mimi nipo.

Lakini tusiligeuze hili kuwa dawa ya kila kitu. Kwanza linataka dakika kumi, na kuna jioni ambazo dakika kumi hazipo. Uhaba wa wafanyakazi nao ni suala la kimaadili, maana unaamua nani atapata jibu la kweli na nani atapata "yuko kazini". Pili, kuna siku bibi hakubali kuzungushwa. Anakutazama usoni: "Nimekuuliza. Yuko hai au amekufa?" Hapo naamini anastahili kuambiwa. Mtu aliyeweza kuliuliza swali hilo kwa sura yake halisi ameshasimama mahali pa kulipokea jibu. Mwambie polepole, umemshika mkono, na usimwache mpaka apumue. Usimkumbushe kesho kama hajauliza. Yule marehemu alikuwa mume wake. Msiba ni wake kwanza, hata kama bili inalipwa na mwingine.

Wapo watakaosema hili ni anasa ya mawazo, kwamba atasahau tu. Lakini tukikubali kwamba asiyekumbuka hawezi kudanganywa, tumekubali pia kwamba asiyekumbuka hawezi kupendwa. Hakuna mfanyakazi wa nyumba hizi anayeamini hivyo, kwa sababu ameona uso wa mtu asiyejua jina lake ukichanua kwa kusikia hatua zake.

Na lipo jambo moja linalotuhusu sisi tu tuliotoka mbali. Baada ya zamu, wengi wetu hupiga simu nyumbani. Mama yuko Moshi, au Machakos, akili zake timamu, na anauliza swali linalofanana na la bibi: "Utakuja lini, mwanangu?" Wengi hujibu "Desemba, Mungu akipenda", huku wakijua makaratasi hayajakaa sawa na nauli haipo. Pia huambiwa kwamba mtoto anafanya kazi "hospitali", kwa sababu "kuosha wazee" ni aibu kulitamka. Tunaiita stara. Ila mama hana ugonjwa wa kusahau. Anazihesabu Desemba. Kama mgeni asiyekumbuka jina letu anastahili tuupime ukweli kwa uangalifu wote huu, sioni tunachoweza kumwambia mama huyu zaidi ya kwamba hatujui, na kwamba tunachofanya huku ni kumhudumia mama wa mtu mwingine.