Shahidi Mmoja Baharini

Mtu mwenye imani husifiwa, na mwenye shaka hulaumiwa. Ndivyo tulivyofunzwa tangu utoto, wala mafunzo hayo si mabaya. Walakini baharini huwako siku ambazo mwenye shaka huokoa chombo, na mwenye imani hukipandisha fungu. Yafaa tuulize jinsi sifa njema iwezavyo kuwa mlango wa hatari, na kama mtu aliyedanganywa na chombo alichokiamini ana hatia yoyote.

Mfano mzuri wapatikana katika yoti, yaani merikebu za starehe za matajiri. Watu wengi hudhani kuwa fahari ya yoti ni mazulia yake na bwawa lake la kuogelea. Fahari kubwa zaidi imo katika chumba cha usukani. Pale palipokuwa na ramani ya karatasi na penseli, sasa aghalabu pana vioo vinavyong'aa. Kimoja chaonyesha ramani, na juu yake alama ndogo ya merikebu ikienda. Kingine chaonyesha merikebu zilizo karibu, majina yake na mwendo wake. Usukani hugeuzwa na mtambo, na nahodha hunywa kahawa yake kwa utulivu. Sehemu kubwa ya maarifa haya yatoka juu, katika setilaiti za Marekani za mtambo uitwao GPS, zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,000 hivi. Kila setilaiti ina saa ya usahihi wa ajabu, nayo hutangaza wakati bila kukoma. Chombo kilichomo merikebuni husikiliza setilaiti nne au zaidi, hupima kila sauti imechukua muda gani njiani, na kwa hesabu hiyo hujua mahali kilipo kwa kukosea mita chache tu. Lakini sauti hizo, kwa kutoka mbali hivyo, hufika zikiwa dhaifu mno. Na zile zilizotumiwa na raia katika mwaka nitakaousimulia hazikuwa na muhuri wowote wa kumthibitisha mtumaji.

Mwaka huo ni 2013. Mwezi wa Juni yoti iitwayo White Rose of Drachs, yenye urefu wa mita 65, ilikuwa ikisafiri kutoka Monaco kwenda kisiwa cha Rhodes. Ndani yake walikuwamo, kwa ruhusa, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Texas, wafuasi wa mwalimu Todd Humphreys, pamoja na kisanduku kikubwa kama mkoba wa karani. Kisanduku hicho kilitoa sauti za uongo zinazofanana kabisa na zile za setilaiti. Kwanza zilikuwa dhaifu sawa na za kweli. Kisha zikaongezwa nguvu kidogo kidogo, mpaka chombo cha yoti kikaacha kusikiliza mbingu kikawasikiliza wanafunzi. Hakuna kengele iliyolia.

Ndipo wakaanza mchezo wao. Kioo kilionyesha kwamba merikebu imesukumwa kando ya njia yake. Waliokuwa usukanini wakageuza ili kuirudisha njiani, na kwa kufanya hivyo wakaitoa njiani. Watu waliosimama sitahani waliuhisi mgeuko ule, lakini kwenye kioo mstari ulibaki umenyooka. Msomaji atazame vizuri jambo hili. Hakuna aliyenyang'anya usukani, wala aliyevunja mlango au kumtisha baharia. Merikebu ilipotezwa na utii wa watu wake wenyewe, na kadiri walivyokuwa hodari wa kuufuata mstari ndivyo walivyokwenda mbali nao.

Jaribio lile halikumdhuru mtu, na walioendesha walijua kuwa linafanywa. Kwa hiyo swali la hatia halikupata jibu pale. Jibu, au kipande chake, twaweza kulitafuta katika habari ya zamani kidogo.

Tarehe 9 Juni 1995 merikebu ya abiria iitwayo Royal Majesty iliondoka Bermuda kwenda Boston, na ndani yake watu zaidi ya 1,500. Muda usiotimia saa moja baada ya kung'oa nanga, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Chombo kikaanza kukisia mahali kwa kutumia mwelekeo na mwendo peke yake, bila kujua upepo na mkondo, kikaonyesha herufi chache ndogo za kutangaza hivyo. Hakuna aliyezitia maanani. Chombo kingine kilichosikiliza vituo vya redio vya nchi kavu kilikuwamo, nacho kilisema kweli muda wote. Lakini hakikulinganishwa na kile cha kwanza kwa utaratibu. Jioni ya pili nahodha alimwuliza afisa wa zamu kama ameliona boya fulani lililotazamiwa. Afisa alijibu kuwa limeonekana, ijapokuwa yeye hakuliona. Kwa kuwa kioo kilisema merikebu iko njiani, boya nalo lilipaswa kuwa lilikuwako.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo hatia inapoanzia. Kuudhika kwetu kusianze mapema. Kuamini chombo kilichosema kweli safari baada ya safari si kosa. Asiyekiamini angekuwa mpumbavu. Kosa ni kutoa ushahidi wa macho ambayo hayakuona. Afisa yule alikuwa shahidi wa pili, akajifanya mwangwi wa yule wa kwanza.

Na hili ndilo tatizo la vyumba vile vyenye vioo vingi. Mtu huona kioo cha ramani, mtambo wa usukani na saa, vyote vikikubaliana, akajiona amezungukwa na mashahidi. Kumbe vyote vimenywa maji ya kisima kimoja. Marubani wa kale wa bahari yetu, kama yule aliyewaongoza Wareno kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498, hawakuwa na chombo cha usahihi huo, nao walikosea mara nyingi kuliko sisi; tusiwapambe kupita kiasi. Lakini walitumia nyota, upepo, rangi ya maji na bildi, na nyota haipati habari zake kwa bildi.

Huenda msomaji akasema kwamba dawa ni rahisi: watu wafundishwe mambo yote mawili. Baadhi ya wakubwa wa bahari wameona hivyo, na mwaka 2015 chuo cha wanamaji cha Marekani huko Annapolis kilirudisha mafunzo ya kupima nyota, ambayo yalikuwa yameachwa. Walakini kujua ni rahisi kuliko kuendelea kutenda. Chombo kikisema kweli siku elfu, basi anayekipima kila siku amefanya kazi elfu zisizo na faida ya kuonekana. Tajiri mwenye yoti hutoa mshahara kwa kazi anazoziona. Wenzake humcheka. Mwishowe yeye mwenyewe hujiuliza kama ni mwangalifu au ni mkaidi tu, na siku ya elfu na moja hakuna ishara itakayomwambia kuwa ndiyo siku yenyewe.

Katika usiku ule wa 1995 ishara zilikuwako. Mabaharia waliowekwa kutazama hawakuwa na chombo ila macho. Waliona taa ya manjano ubavuni, wakasema. Waliona taa nyekundu, wakasema. Kisha mbele kabisa waliona maji ya buluu na meupe, wakasema. Afisa wa zamu aliwasikia, asigeuze chochote. Ilipotimu saa 4:25 za usiku merikebu ilipanda fungu la mchanga mashariki ya kisiwa cha Nantucket, maili 17 mbali na mahali kioo kilipokuwa kikiionyesha.