Mjenzi na Jirani Asiyesema

Mtu anunuapo kiwanja huuliza kwanza mpaka wake uko wapi na majirani zake ni nani. Asipouliza, mwenye haki atakuja na hati mkononi, na baraza litamlazimisha abomoe. Lakini wako majirani wasio na hati wala ulimi. Ndege aliyeatamia mayai juu ya mti uliokwisha kutiwa alama ya shoka hawezi kwenda barazani. Je, mjenzi ana deni kwake? Wengi wakiulizwa hivi hutabasamu. Hudhani kuwa ni swali la walioshiba. Kisa cha Kihansi chaonyesha kuwa ni zito kuliko lionekanavyo.

Mto Kihansi hushuka kutoka milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, kwa maporomoko marefu. Katika miaka ya 1990 iliazimiwa uzuiwe kwa bwawa, na maji yake yapitishwe katika handaki ndani ya mwamba hadi kwenye mitambo ya umeme wa megawati 180. Azma hiyo ilikuwa njema. Nchi ilikuwa na upungufu wa umeme, na hospitali, viwanda na shule vilikuwa vikiungoja. Wala hapana haja ya kumfanya mjenzi kuwa mwovu ili kisa kiwe na maana. Kisa cha mwovu hakifundishi neno jipya.

Mwaka 1996, kazi ikiwa imekwisha kuanza, wataalamu waliokuwa wakichunguza viumbe wa bonde lile walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika urefu wa sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura wengi, bali huzaa watoto waliokwisha kutimia. Makao yake yalikuwa majani yaliyoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko, mahali padogo pa hekta chache tu, na hakupata kuonekana popote pengine duniani. Uhai wake wote ulitegemea maji yale yale yaliyokusudiwa kugeuzwa njia.

Mitambo ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji iliondoka maporomokoni, na manyunyu yakafifia. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Bondeni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, yafanye kwa gharama kazi ambayo mto ulikuwa ukiifanya bila ujira. Kwa muda vyura waliongezeka. Mwaka 2003 wakaangamia ghafula, na ugonjwa wa ukungu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 wazao wa wale waliopelekwa ng'ambo walianza kurudishwa kwao, wakaishi chini ya mabomba ambayo yasipotazamwa na mtu hukauka.

Utetezi wa kwanza wa mjenzi ni kutojua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inamwadhibu aharibuye kiota cha ndege wa porini kinachotumiwa ikiwa amefanya hivyo kwa kusudi. Asiyekuwa na kusudi hana hatia. Sheria haina budi kuishia hapo, kwa maana haiwezi kuona ndani ya moyo. Dhamiri haiishii hapo. Kuna kutojua kwa mtu aliyetafuta asipate, na kuna kutojua kwa mtu aliyechelewa kutafuta. Wa kwanza ana udhuru. Wa pili aliweka msingi kabla ya kuuliza jirani ni nani, na kutojua kwake ni sehemu ya kosa lake.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi. Huulizwa: kipi bora, chura au taa ya chumba cha kuzalia? Ni nani awezaye kumjibu mama mwenye uchungu wa uzazi kwa kumtaja chura? Lakini swali hili huulizwa na mtu aliyechelewa. Kabla ya mwamba kutobolewa, swali lilikuwa dogo: ni kiasi gani cha maji kiachwe mtoni, na umeme upungue kwa kiasi gani? Hilo ni jambo la kupimwa kwa hesabu. Fedha zilipokwisha kutumika, likageuka kuwa la uhai na kifo.

Katika Ziwa Natron mambo yalikwenda kinyume. Wengi wa heroe wadogo wa dunia huzaliwa huko. Hujenga viota vya matope mfano wa vichuguu vidogo, na katika kila kiota hutaga yai moja. Mpango wa kiwanda cha magadi ulipotangazwa, viota vilikuwa vinajulikana, hoja zikatolewa mapema, na mwaka 2008 kampuni iliyohusika ikajitoa. Hata hivyo, ushindi huo una doa. Heroe ana uzuri unaovuta wageni na fedha zao. Chura wa Kihansi hakuwa na uzuri wa kuvuta macho ya mbali. Kama deni hulipwa kwa mzuri peke yake, basi si deni tena. Ni upendeleo wa macho.

Imebaki lawama moja isiyopasa kufichwa. Mataifa yaliyofyeka misitu yao zamani na kuziba mito yao huja leo kuwaambia maskini wangoje, wapime, wahesabu viota. Lawama hiyo ina haki yake, na waliotangulia kufyeka wanastahili kuchangia gharama ya kungoja. Lakini chura wa Kihansi hakuwa miongoni mwao.