Je, Ukame ni Adhabu?

Mvua zikichelewa Ugogo, hawakosi watu wa kuuliza ni nani aliyezifunga. Na mara nyingi atajwaye ni mjane asiye na mtetezi. Wakristo nao husema, "Mungu ametuadhibu."

Yafaa tuitazame kwanza nchi yenyewe. Bonde la Bahi, lijaalo maji masika na kuwa vumbi kiangazi, lina udongo na chokaa ya ziwa la kale. Kaskazini, kandokando ya Ziwa Manyara, mawe meupe yaliyojengwa na vijidudu vya majini yangali yameganda miambani, juu sana kuliko maji ya leo: huo ndio ufuko wa zamani. Hata Ziwa Viktoria lilikauka, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Mjane gani aliyafanya hayo? Bwana wetu alikana kwamba wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa waovu kuliko wenzao.

Lakini njaa si ukame tu. Wakati wa Mtunya, ile njaa kuu iliyoanza mwaka 1917, mvua ilikosekana kweli. Ila majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Hapo twaiona dhambi, na waliotenda walijulikana.