Nani Anasema Kitu Hiki Hakina Kazi?

Nianze kwa kukiri kosa. Katika darasa letu la vijana la kutengeneza vitu vipya kutoka vya zamani, tuligeuza santuri sita za mzee mmoja kuwa mabakuli. Mjukuu wake ndiye aliyezileta. Mimi ndiye kiongozi wa darasa, na sikuuliza: je, babu anajua?

Kazi yenyewe si ngumu. Santuri hizi ni plastiki ya PVC. Ukiichovya kwenye maji ya moto sana inalainika kama chapati. Unaikandamiza juu ya sufuria iliyogeuzwa, na ikipoa inabaki na umbo hilo. Motoni haiwekwi, maana moshi wake ni sumu, na chakula hakiwekwi ndani. Ni bakuli la sindano, funguo, sabuni. Vijana walifurahi sana, nami nikafurahi.

Mzee akaja. Hakupiga kelele. Alishika bakuli moja, akasoma karatasi ya katikati, akasema, "Hii ni ya Franco. Niliinunua Uvira kabla sijaoa."

Nikajitetea: "Papa, utusamehe, lakini hapa hakuna gramafoni. Tuliona hazina kazi."

Akanijibu: "Kazi yake uliijua wewe?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Kweli, santuri bila gramafoni hailii. Tangu avuke ziwa mwaka 1996 hajazisikia. Ukihesabu matumizi tu, bakuli linashinda. Na sisi wakimbizi tunajua kugeuza vitu: kopo la mafuta linakuwa taa, au bati la mlango. Mama yangu alichana kitenge cha harusi yake njiani ili ambebe dada yangu mgongoni. Nani atamlaumu? Basi kugeuza kitu si dhambi.

Lakini kuna tofauti. Kitenge, mama alikichana mwenyewe. Alijua anapoteza nini, akapima, akaamua. Santuri za mzee zilipimwa na watu walioona upande mmoja tu wa mizani. Sisi tuliona plastiki. Yeye aliona ujana wake, na mji ambao hajaurudia. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Yaani watu wa mbali walitambua thamani ya muziki ule, na sisi tunaoishi na mzee mtaa mmoja hatukumuuliza hata neno.

Jambo la pili: kuna mabadiliko yanayorudi nyuma na yasiyorudi. Gunia ukilishona kuwa pazia, unaweza kulifumua. Santuri ikishalainika, mifereji yake inapinda na sauti imekwenda, hata gramafoni ikipatikana kesho. Kwa hiyo, kadiri jambo lisivyoweza kurudi nyuma, ndivyo kuuliza kunavyotakiwa kutangulia.

Mtaniambia: mahitaji ni mengi, tutauliza kwa kila kitu? Hapana. Kopo lililotupwa jalalani halina wa kuulizwa. Lakini mwenye kitu akiwa yupo, nyumba ya tatu kutoka hapa, dakika kumi za kwenda kumsalimia na kumuuliza si gharama.

Tena sisi vijana ndio tunaolalamika kila siku: mradi umekuja, umeamuliwa mbali, hatukuulizwa, eti ni kwa faida yetu. Kumbe tukipewa nafasi ndogo tu ya kuamua, tunawafanyia wazee wetu vilevile. Nia yetu ilikuwa njema, sikatai. Lakini nia njema haikutupa ruhusa. Wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa, hili ni lenu na ni letu pia.

Nilirudi kwa mzee kuomba msamaha. Alikuwa amebakiza santuri tano. Akazikagua, akatoa moja iliyochubuka vibaya, akanipa. "Hii tengenezeni. Hii nimesema mimi." Nne akazifunika tena kwa kitambaa.

Siku hizi mke wake anawekea mbegu za maharage ndani ya bakuli lile. Halina tofauti na yale sita. Ila hili, nikipita mlangoni kwao na kuliona, siinamishi macho.